Tangawizi Haijui Alhamisi

Mwanamke mmoja alikuwa na shamba la tangawizi mlimani, na Alhamisi moja ya mwezi wa pili, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, fundi aliyemwajiri alifungua maji yaingie katika shamba hilo, siku ileile na saa ileile waliyokubaliana. Maji hayo yakaiua ngazi ya chini, iliyokuwa na mbegu ya mwaka unaofuata. Hakuna aliyevunja ahadi. Ndiyo maana nausimulia mfano huu.

Nausimulia kwenu wenye biashara zinazokua, mnaouliza kama muajiri mafundi wenu wenyewe wa kompyuta, wakae ndani na kula chumvi yenu, au kazi hiyo muikabidhi kampuni ya nje, ije, ifanye, iondoke. Mnataka neno moja: ndani, au nje. Nimelitafuta neno hilo na limenikimbia. Nilicho nacho ni shamba hili. Litazameni polepole, maana kila kilichomo kina mwenzake katika nyumba zenu.

Mwanamke huyo aliitwa Naelijwa. Shamba lake lilikuwa katika milima ya Upare, kwenye mteremko mkali, nalo lilikatwa ngazi ili udongo usiteremke na mvua. Alipoanza lilikuwa ngazi moja tu, na mfereji mwembamba uliochimbwa na marehemu mumewe ulitosha. Naelijwa mwenyewe aliufungua na kuufunga, kwa tope na majani ya mgomba. Kisha shamba likakua. Zikawa ngazi tatu, na wanawake sita wakawa wanalima pamoja naye, na mwanamume mmoja, Mbazi, aliyesimamia kazi wakati yeye hayupo. Aliwaahidi wale wanawake kwamba ngazi ya chini ikikomaa, kila mmoja atapewa mbegu ya kupanda katika kipande chake mwenyewe. Baadhi yao walikwisha kuanza kufyeka vipande hivyo. Kwa hiyo katika ngazi ya chini haikuwamo tangawizi tu. Lilikuwamo neno la Naelijwa.

Mfereji wa zamani ukawa hautoshi. Ng'ambo ya kilele alikaa fundi mmoja wa mifereji, jina lake Kajiru, na mtu asiyemwona Kajiru akifanya kazi hawezi kuelewa kwa nini Naelijwa alimwamini upesi vile. Alichimba kipande kifupi, akaachia maji kidogo, akasimama kuyatazama yanavyotembea, ndipo akachimba kipande kingine. Maji yakikimbia alijua yatakula ukingo. Yakisinzia alijua yatauacha mchanga njiani. Palipokuwa na mwamba aliupasua kwa mtaimbo, akajenga ukingo wa mawe matupu juu ya korongo, jiwe likalishika jiwe, na maji yakapita juu ya utupu kana kwamba yamepita hapo tangu dunia iumbwe. Mumewe Naelijwa aliwahi kusema kwamba mwamba ule hautapitika. Siku maji yalipopita, Naelijwa alilia.

Katika furaha hiyo walipatana jambo la pili. Kajiru alikuwa akihudumia mashamba tisa, na kila Jumatatu na Alhamisi njia yake ilipita karibu na pale mfereji unapoliingia shamba. Hapo aliweka mlango, yaani ubao mzito unaopanda na kushuka kati ya nguzo mbili. Akasema, "Mama, kwa kuwa napita, nitakufungulia asubuhi na kukufungia nikirudi. Wewe shughulika na shamba." Naelijwa akaona mzigo umemtoka kichwani. Na ili mbuzi na watoto wa njiani wasiuchezee ubao, mnyororo ukapitishwa katika tundu lake, ukatiwa kufuli. Kufuli hilo Naelijwa alilinunua mwenyewe. Ufunguo ukakaa shingoni mwa Kajiru.

Mama mkwe wa Naelijwa peke yake ndiye aliyekunja uso. "Mwanangu," alisema, "mgeni hupewa maji ya kunywa. Hapewi maji yenyewe." Lakini alikuwa mwanamke wa kulaumu mambo mengi, na hakuna aliyesimama kumsikiliza.

Jumatano mchana, mwezi ambao hakuna aitegemeaye mvua, mvua kubwa ilinyesha upande wa Naelijwa. Ng'ambo ya kilele, kwa Kajiru, halikudondoka hata tone. Alhamisi alfajiri Kajiru alikuja kwa njia yake. Sitawaficha: aliiona njia ina matope. Lakini mtu mwenye mashamba tisa, akianza kuwaamulia wenyewe lini wapate maji na lini wakose, haupiti mwezi kabla hajaitwa mbele ya baraza. Yeye alipatana Alhamisi, na hii ilikuwa Alhamisi. Akainua ubao, akatia kufuli juu ya mnyororo ili ubao usishuke, akaendelea na safari kwenda shamba la pili, bonde la pili.

Naelijwa alisikia maji kabla ya kuyaona. Alipofika kwenye ngazi za shamba, ya chini ilikuwa imegeuka dimbwi, maana maji yote hushukia huko, na udongo uliokuwa umekwisha kushiba mvua haukuwa na pa kuyaweka. Nanyi mnajua, au kama hamjui nawaambieni: tangawizi huvumilia kiu, lakini haivumilii kusimama ndani ya maji. Huoza ikiwa bado ardhini, na majani huendelea kuwa ya kijani kwa siku kadhaa, yakimdanganya mwenye shamba.

Alipanda mbio mpaka mlangoni, Mbazi nyuma yake. Akaushika ubao kwa mikono miwili. Maji yalikuwa yake, shamba lilikuwa lake, ubao ulikuwa umekatwa kutoka mti wake, kufuli lilinunuliwa kwa mkono wake. Akaning'inia kwenye ubao huo kwa uzito wake wote, na haukushuka hata upana wa ukucha.

"Mama, toka hapo," Mbazi alisema. "Nipe jembe."

Walipanda juu zaidi, mpaka pale mfereji unapopita kando ya korongo, na hapo Mbazi akaupiga ukingo wa mawe wa Kajiru mpaka ukafunguka. Maji yote yakageuka, yakaanguka korongoni kwa kishindo. Ngazi ya juu na ya kati zikapona. Ya chini ilikuwa imekwisha kunywa kupita kiasi. Na sasa shamba halikuwa na maji mengi wala machache.

Siku ile na siku ya pili yake watu walisema yale ambayo watu husema. Wanawake walisema Kajiru afukuzwe, na mwingine wa kutoka nje asikanyage tena. Mmoja wao, mwenye sauti kubwa kuliko wote, alisema, "Jembe tunalo, mikono tunayo, na udongo ni wetu. Kilichotushinda ni nini hata tukaite watu?" Mama mkwe alisema, "Niliwaambia." Mbazi naye, Jumamosi asubuhi, kwa ruhusa ya Naelijwa, alikwenda na wenzake kuziba ule ukingo kwa nguvu zao wenyewe. Kajiru ni Msabato, na Jumamosi hakuna aliyemtarajia.

Walifanya kazi kwa moyo. Walileta tope, wakaleta vigogo vya migomba, wakashindilia kwa miguu wakiimba. Ilipofika saa sita wakaachia maji. Yalipita kwa muda wa mtu kunywa uji. Kisha tope lao likateleza lote kwa pamoja juu ya mwamba, kama mkate unavyoteleza kwenye sahani, likachukua pia sehemu ya ukingo iliyokuwa nzima, na lingemchukua na Mbazi kama asingeshika mzizi. Walirudi nyumbani wametapakaa tope mpaka kwenye kope. Mama mkwe aliwatazama mmoja mmoja wakiingia uani.

"Fundi ni fundi," akasema. "Niliwaambia."

"Mama, wewe ulisema mgeni asipewe maji," Mbazi alimkumbusha.

"Na hilo nililisema. Tatizo lenu mnanisikiliza siku moja moja."

Wakacheka, hata Naelijwa. Lakini alipokuwa akicheka alikuwa akifikiri, na hapa ndipo ninapomheshimu mwanamke huyu kuliko ninavyoweza kueleza. Wengi wetu, tukiumizwa na wa nje, tunakimbilia ndani. Tukishindwa na wa ndani, tunakimbilia nje. Tunakwenda na kurudi kama mtu aliyesahau alichokiendea. Naelijwa aliketi akaacha kujiuliza ni nani alaumiwe. Akajiuliza ni kitu gani hasa alichokitoa mkononi mwake siku ile ya furaha. Alikuwa ametoa vitu viwili, akavihesabu kuwa kimoja.

Jumapili Kajiru alikuja jua likiwa bado halijatoka mlimani. Habari zilikwisha kumfikia. Hakuuliza nani aliyeuvunja ukingo wake. Alivua shati, akashuka kwenye mwamba, akaanza kulitafuta jiwe la kwanza. Mbazi akasimama juu akimtazama kwa muda, kisha naye akashuka, akawa anampa mawe. Kajiru alipoyaona mabaki ya vigogo na tope la jana, hakucheka. Alisema tu, "Tope halishiki hapa, ndugu yangu. Mwamba haunywi." Ilipokaribia adhuhuri ukingo ulikuwa umesimama tena.

Alipopanda juu alikuta wote wamekusanyika mlangoni. Yule mwanamke mwenye sauti kubwa alianza, "Fundi, umetuozeshea mashamba hata kabla hatujayapanda! Sasa tukusifu au tukulilie?"

Kajiru alimtazama Naelijwa. "Mama, nilifungua kwa sababu ilikuwa Alhamisi."

Wote walimngojea Naelijwa amtukane. Yeye akasema, "Ndiyo. Ilikuwa Alhamisi, nawe ulitimiza. Lakini tangawizi haijui Alhamisi. Aliyepaswa kujua imeshiba au ina kiu ni mimi, nami nilikupa mlango nikidhani nimekupa kazi tu. Kumbe nilikupa na macho yangu. Mfereji ubaki kwako, fundi. Mwamba ni wako, ukingo ni wako, mafuriko yakija nitakuita wewe wala sitamwita mwingine. Mlango nirudishie."

Kajiru aliushika ufunguo kifuani. Nawaomba mkipime kitambo hicho, maana hapo fundi naye alikuwa anapimwa. Mtu mwenye ufunguo wa maji ya watu tisa hulala usingizi mzuri. Anajua ataitwa kesho, na mwaka kesho. Fundi mwoga huficha ufundi wake ndani ya kufuli, na mkimwomba ufunguo huwaambieni kwamba ubao ni mgumu, hamtauweza, mtajiumiza. Kajiru aliuvua ufunguo shingoni. Lakini hakumpa bado.

"Mlango mtu hapewi mkononi tu," alisema. "Mkifungua kupita kiasi, ukingo wangu utakatika, na mtasema Kajiru hajui kujenga. Nipe mtu wako mmoja. Nitembee naye mfereji mzima, toka mtoni mpaka hapa. Nimwonyeshe unapoumia, ajue ubao unainuliwa vidole vingapi mfereji ukijaa na vingapi ukipungua. Na mtu huyo, mama, asiwe na jembe mkononi. Mwenye jembe mkononi hatazami maji."

"Mbazi," Naelijwa alisema.

"Ehee!" yule mwanamke akapaza sauti. "Basi Mbazi ndiye Bwana Maji. Sisi tuiname juani, yeye akae kivulini akitazama mto!"

"Kivuli gani kilichoko kule kwenye mwamba, dada?" Mbazi akajibu. "Jana nusura niwe kivuli mimi mwenyewe."

Walicheka, lakini swali la yule mwanamke halikuwa la kuchekwa, na Naelijwa hakulicheka. Ukitaka mtu wako ajue, lazima umtoe katika kazi nyingine, na wenzake watabeba alichokiacha. Atakosea akijifunza, nawe utakaa kimya akikosea. Tena siku moja ataugua, au atahama, au atapata shamba lake mwenyewe, na akiondoka na ujuzi wote kichwani, kichwa chake kilikuwa kufuli jingine tu. Kwa hiyo Naelijwa alisema watakwenda watatu: Mbazi, yeye mwenyewe, na yule mwanamke mwenye sauti kubwa.

"Mimi?" yule mwanamke akauliza. "Mimi naogopa mwamba."

"Ndiyo maana," Naelijwa akasema. "Wewe hutafungua bila kufikiri."

Walitembea na Kajiru mchana ule wote. Aliwaonyesha mahali ambapo mizizi inaukaza ukingo na mahali ambapo kaa wa mtoni hutoboa. Aliwaonyesha namna ya kusikiliza: mfereji wenye afya hunong'ona, unaovuja hulamba. Hakubakiza kitu, na mwishoni akampa Naelijwa ufunguo. Nimewaza sana juu ya mtu huyo. Mwamba alioupasua ni mkubwa, lakini sidhani aliwahi kufanya kazi kubwa kuliko ile ya kuwafanya watu wengine wasimhitaji katika jambo ambalo hawakupaswa kumhitaji. Na sikilizeni lililofuata: wale wateja wake wanane waliobaki waliposikia, hawakumwacha. Walimwita awachimbie mifereji mipya.

Jioni, kabla hawajaachana, Naelijwa aliwapeleka wale wanawake kwenye ngazi ya chini. Alifukua shina moja. Majani yalikuwa ya kijani, na chini yake tangawizi ikapondeka mkononi kama ndizi iliyopitiliza. Kisha akawaonyesha ngazi ya kati, ambayo ilikuwa ya kuuzwa sokoni na kulijenga shamba lizidi kukua. "Hii ndiyo mbegu yenu sasa," akasema. "Shamba langu litasubiri mwaka. Neno langu halisubiri." Hivyo mbegu yote iliyosalia ikawa katika ngazi moja, chini ya mlango mmoja, na mlango huo ulikuwa umerudi mikononi mwake, wala hapakuwa tena na mtu wa kulaumiwa.

Sasa mnaona kwa nini siwezi kuwajibu ndani au nje. Mwamba wenu upo, na kumpasulia mtu mwamba ni kazi ya aliyeipasua miamba mingi. Mwiteni, mheshimuni, mlipeni bila kunung'unika. Wala msiseme jembe tunalo, mikono tunayo. Tope halishiki mwamba. Lakini mahali fulani kati ya mfereji na shamba kuna ubao mmoja, na anayeuinua ubao huo kila siku ndiye anayeamua wateja wenu wanywe au wafe. Je, mnajua ubao huo uko wapi? Na leo ukitakiwa ushuke, mkono wa nani utaushusha?

Kesho yake ilikuwa Jumatatu, siku ya maji. Kajiru alipita njia yake ya kawaida, mtaimbo begani, akasimama mbali kidogo. Mbazi alikuwa mlangoni, mkono juu ya ubao usio na mnyororo. Naelijwa alishuka ngazi ya kati, akapiga magoti, akauingiza mkono udongoni mpaka kwenye kifundo, akaushikilia humo kwa kitambo. Udongo ulikuwa wa baridi, na ulishikamana na vidole vyake. Akautoa mkono, akasimama, akamtikisia Mbazi kichwa: bado. Mbazi akauacha ubao chini vilevile, na Kajiru akashika njia kwenda shamba la pili.